Kondo la Nyuma: Njia ya Riziki ya Mwana Aliye Tumboni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu na kumpangia riziki yake kabla hajatoka katika tumbo la mamake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake wote.

Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya kiungo ambacho kila mmoja wetu aliwahi kuwa nacho, kikamtumikia miezi tisa, kisha siku aliyozaliwa kikafukiwa ardhini na kusahauliwa. Kiungo hicho ni kondo la nyuma, ambalo baadhi ya wazee wetu huliita zalio. Tumelichagua kwa kuwa kila Ramadhani inapokaribia huulizwa swali lile lile: je, mja mzito afunge au asifunge? Na nyuma ya swali hilo lipo jingine lisiloulizwa mara nyingi, nalo ni kubwa zaidi: katika miezi yote tisa, mja mzito anakula nini, na ni nani nyumbani mwenye dhamana ya chakula chake? Majawabu ya maswali haya hayaeleweki barabara mpaka tujue kwanza chakula cha mama chamfikiaje mwana.

Gati baina ya damu mbili

Wengi hudhani kwamba damu ya mama huingia moja kwa moja katika mwili wa mtoto. Sivyo. Damu hizo mbili hazichanganyiki. Mfano wake ni meli na mji pale bandarini Kilindini: meli haipandi mjini, wala mji haushuki baharini, bali shehena hupokewa gatini na kuvushwa kutoka upande huu hadi upande wa pili. Kondo ndilo gati hilo. Upande mmoja limeshikamana na ukuta wa tumbo la uzazi. Upande wa pili hutoka kitovu kiendacho kwa mtoto. Ndani yake mna vijitawi vingi mno, mfano wa mizizi ya mikoko, vilivyozama katika damu ya mama, na ndani ya kila kijitawi hupita mishipa myembamba yenye damu ya mtoto. Kinachotenga damu hizi mbili ni utando mwembamba tu.

Mimba itimiapo, kondo huwa na uzito wa karibu nusu kilo na upana wa sentimita 20 hivi. Lakini lau vijitawi vyake vyote vingalitandazwa, vingalifunika eneo la mita za mraba zipatazo 11 hadi 13, ambayo ni sakafu ya chumba kizima. Na damu ya mama ipitayo katika tumbo la uzazi wakati huo huzidi nusu lita kila dakika. Hayo yote yamepangwa kwa ajili ya kiumbe asiyeweza kujitafutia hata tone la maji.

Kila shehena na mchukuzi wake

Si kila kitu huvuka kwa njia moja. Hewa ya oksijeni hupenya yenyewe. Sukari, ambayo ndiyo kuni za mwili wa mtoto, huvushwa na wachukuzi maalumu walio katika utando wa kondo. Lakini wachukuzi hawa hushuka mteremko tu, hutoa sukari penye nyingi na kuipeleka penye chache. Kwa hivyo sukari ikipungua katika damu ya mama, inayomfikia mwana nayo hupungua. Na ikizidi, kama itokeavyo kwa mama mwenye kisukari kisichotunzwa, mtoto hufurikwa nayo, mwili wake hutoa insulini nyingi, naye hunenepa kupita kiasi hata kuzaliwa kwake kukawa na taabu. Tangu hapa twajifunza kwamba usemi wa kuwa mja mzito ale chakula cha watu wawili si sahihi. Nyongeza anayoihitaji katika miezi mitatu ya katikati ni takriban kalori 340 kwa siku, na katika mitatu ya mwisho ni 450 hivi. Huo ni mlo mmoja mdogo wa ziada. Kinachotakiwa zaidi ni ubora wa chakula.

Ama protini, ambayo hujenga nyama, moyo na ubongo, kwanza huvunjwavunjwa katika tumbo la mama ikawa chembe ziitwazo asidi amino. Chembe hizi huwa nyingi zaidi katika damu ya mtoto kuliko katika damu ya mama, maana yake wachukuzi wake hupanda mlima na mzigo mabegani, na kazi hiyo yataka nguvu. Nguvu hizo kondo huzipata kwa kula lenyewe: sehemu kubwa ya oksijeni na sukari iletwayo na mama hutumiwa na kondo kabla ya kumfikia mtoto. Kondo lililokosa chakula ni kama hamali aliyeamka na njaa: mzigo upo, lakini hauwezi.

Mafuta nayo hupasuliwa kwanza ndipo yavuke, na yale yapatikanayo kwa samaki huwa na sehemu kubwa katika kuumba ubongo na macho. Madini ya chuma yana wapokezi wake maalumu. Mimba nzima humtaka mama apate karibu gramu moja ya chuma, na sehemu kubwa ya fungu la mtoto huvushwa katika miezi ya mwisho. Hiyo huwa akiba yake ya miezi minne hadi sita ya mwanzo wa maisha, kwani maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Vivyo hivyo madini ya kalisiamu ya mifupa: mtoto huzaliwa na gramu zipatazo 30, na nyingi katika hizo huzipata katika miezi mitatu ya mwisho. Kama mama hali vya kutosha, hizo hutolewa katika mifupa yake mwenyewe.

Kondo hupima na kuamua

Kwa muda mrefu wataalamu waliliona kondo kama mfereji tu. Leo yajulikana kwamba hupima hali ya mama, kisha huongeza au hupunguza wachukuzi wake kwa kadiri ya inavyopima. Mnamo mwaka 2006 kulichapishwa utafiti juu ya panya wenye mimba waliolishwa chakula chenye protini chache. Ilionekana kwamba uvushaji wa asidi amino ulipungua kwanza, na baada ya hapo ndipo watoto walipoanza kubaki wadogo. Yaani udogo ulifuata, haukutangulia. Kwa wanadamu pia, makondo ya watoto waliodumaa tumboni yamekutwa na upungufu katika kazi ya baadhi ya wachukuzi hao.

Ushahidi mwingine walitoka nao watu wa Uholanzi katika msiba mkubwa. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, sehemu ya magharibi ya nchi hiyo ilizuiliwa chakula na jeshi la Wajerumani, na mgao wa mtu mmoja ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Waja wazito walikuwamo. Wale waliopatwa na njaa katika miezi mitatu ya mwisho walizaa watoto wepesi kwa gramu 300 hivi. Ama wale waliopatwa na njaa mwanzoni mwa mimba, kisha wakapata chakula ilipokwisha, watoto wao walizaliwa na uzito wa kawaida, na makondo yao yalikuwa makubwa kwa kulinganisha na uzito wa mtoto, kana kwamba gati lilijipanua ili lifidie uchache wa shehena. Lakini watoto hao walipokuwa watu wazima, maradhi ya moyo yalionekana zaidi miongoni mwao. Uzito mzuri siku ya kuzaliwa haukuwa dalili kwamba hakuna kilichopungua.

Jambo hili ndilo alilolishughulikia daktari Mwingereza David Barker wa Southampton. Mwaka 1989 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanaume waliozaliwa wilaya ya Hertfordshire baina ya 1911 na 1930, ambao uzito wao wa utotoni ulikuwa umeandikwa katika madaftari ya wakunga na wauguzi. Waliokuwa wepesi walionekana kufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba presha na moyo, maradhi yanayotutoa jamaa zetu kila mwezi, huenda mizizi yake mingine iko katika tumbo la uzazi.

Na tusidhani kwamba haya hayana dawa. Nchini Gambia, nchi ya Waislamu wakulima, waja wazito wa vijiji 28 vya upande wa Keneba walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1997. Walipewa kila siku biskuti zilizotengenezwa kwa karanga, unga wa mchele, sukari na mafuta. Watoto waliozaliwa katika miezi ya njaa na kilimo kizito waliongezeka uzito kwa wastani wa gramu 201, na katika miezi ya mavuno gramu 94. Waliozaliwa wafu walipungua, na waliokufa katika juma la kwanza walipungua pia. Karanga na mchele, ndugu zangu, si vitu vya ng'ambo.

Ramadhani na mja mzito

Sasa twalirudia lile swali. Mja mzito akikaa na njaa, sukari yake hushuka upesi kuliko ya mwanamke asiye na mimba, na mwili wake huanza mapema kuchoma mafuta yake. Hayo yalithibitika huko huko Gambia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1983 juu ya waja wazito waliofunga Ramadhani. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti mwingine wa mji wa Unaizah, Saudi Arabia, ambao Barker alishiriki. Watoto ambao Ramadhani iliwakuta katika miezi mitatu ya katikati au ya mwisho ya mimba, makondo yao yalikuwa mepesi zaidi, ingawa wao wenyewe hawakupungua uzito. Na mwaka 2018 zilikusanywa pamoja tafiti 22, zenye mimba zaidi ya 31,000, na hukumu ikawa kama hiyo: uzito wa mtoto kwa jumla haukuathirika, bali kondo lilipungua, japo hilo la kondo liliegemea zaidi utafiti mmoja mkubwa.

Twasemaje basi? Twasema kwa uadilifu: aliyefunga akazaa salama asitiwe hofu, na wala asiambiwe kwamba amemdhuru mwanawe. Lakini pia haifai kusema kwamba hakuna lolote litokealo. Kondo huhisi njaa na hujibu, na watu wa Uholanzi wametufunza kwamba mizani ya siku ya kuzaliwa haielezi kila kitu.

Na sheria yetu imelitangulia jambo hili kwa rehema. Mja mzito na anyonyeshaye wameruhusiwa kula wakichelea madhara, na madhara yakiwa ya hakika, kula huwa ni wajibu na kufunga huwa ni kosa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani hii, akijihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku zake tu. Akimhofia mtoto peke yake, atalipa siku hizo na kutoa fidia, kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku, apewe maskini. Kukadiria hofu kwaangaliwa desturi ya mwili wake, mimba zilizotangulia, na neno la daktari mwaminifu. Mwenye upungufu wa damu, mwenye kisukari au presha, mwenye mimba ya mapacha, au aliyeambiwa kwamba mtoto wake haongezeki, asingoje hata azimie.

Linalotusikitisha ni kwamba wengi hawafungi kwa kuamini kwamba wanaweza, bali hufunga kwa haya. Huogopa wifi, huogopa jirani, huogopa kuonekana na kikombe mchana. Wengine huogopa deni, kwani kulipa siku 30 peke yako hali wenzako wanakula ni kazi nzito. Hapa twawaomba jamaa: mwenzenu alipapo siku zake, fungeni naye Jumatatu na Alhamisi. Nanyi mtapata thawabu za sunna, naye atapata wa kula naye futari.

Na atakayefunga kwa kujiona ana uwezo, asikose daku, na daku lake lisiwe chai na mkate mtupu. Ale pojo au maharagwe, yai au samaki, na anywe maji ya kutosha toka magharibi hadi alfajiri. Akiona kizunguzungu, kiza machoni, au mtoto amepunguza kucheza tumboni, na afungue papo hapo kisha aende hospitali.

Jikoni mwetu

Mwenyezi Mungu ameijalia pwani yetu vyakula ambavyo kondo huvitaka. Samaki wadogo kama simu na dagaa, wakiliwa na miiba yao, hutoa protini, mafuta mema na kalisiamu. Mbaazi, kunde, pojo na karanga ni protini ya mwenye kipato kidogo. Mchicha, mnavu na kisamvu vina madini na vitamini, na vikikamuliwa ndimu, au vikiliwa pamoja na chungwa au embe, chuma chake huingia mwilini zaidi. Kinyume chake ni chai na kahawa: zikinywewa pamoja na chakula hukizuia chuma kuingia. Basi chai ya mja mzito na isogezwe, inywewe saa moja au mbili baada ya mlo.

Ama papa na sulisuli, pamoja na utamu wake, mja mzito na ajiepushe nao, kwa kuwa samaki wakubwa walao wenzao hukusanya zebaki, na zebaki huvuka kondo ikadhuru ubongo wa mtoto. Na mazoea ya kula udongo yafaa yaachwe. Uchunguzi uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba waja wazito walao udongo walikuwa na akiba ndogo zaidi ya chuma. Mwenye hamu hiyo asichekwe, bali apelekwe akapimwe damu.

Kliniki zetu hutoa kidonge kimoja cha kila siku chenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Wengi hukiacha kwa sababu ya kichefuchefu au kwa kuona choo kimekuwa cheusi. Weusi huo si ugonjwa, na kichefuchefu hupungua kidonge kikimezwa usiku baada ya kula. Tena tusisahau malaria, adui wa pwani. Vimelea vyake hujificha ndani ya kondo lenyewe na kuzuia kazi yake, hata mama akawa anakula vyema na mtoto asipate. Kwa hivyo chandarua na dawa ya kinga itolewayo kliniki ni sehemu ya lishe ya mtoto.

Dhamana ni ya nani?

Tumesikia mara nyingi ikisemwa kwamba mja mzito apunguze kula ili mtoto awe mdogo na uzazi uwe mwepesi. Maneno haya yana hatari. Njaa haipunguzi kichwa cha mtoto tu. Hupunguza damu ya mama, nguvu zake za kusukuma, na akiba ya mtoto. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 huanza dunia akiwa na deni. Ikiwa ni ukubwa wa mtoto unaohofiwa, kinachopimwa ni sukari ya mama.

Pia isidhaniwe kwamba kila mtoto mdogo ni kosa la chakula cha mamake. Presha ya mimba, maradhi na mimba zilizofuatana mno nazo hulidhoofisha kondo. Kumlaumu mama si haki, na mara nyingi mama si mwenye funguo za kabati. Tazameni sinia zetu: kipande kikubwa cha samaki huwekewa bwana, watoto hufuata, na aliyepika, naye ndiye mwenye mimba, hula mchuzi na wali uliobaki. Kumlisha mke ni wajibu wa mume kisheria, wala si hisani. Basi mume na atenge fungu la mkewe kabla ya lake. Na enyi mama wakwe, neno lenu jikoni ndilo hukumu. Mkisema mwana huyu apewe yai, atapewa.

Gati halina shehena yake lenyewe. Huvusha kile kilicholetwa. Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi mama zetu waliobeba, awajalie uzazi mwepesi na watoto wenye afya na wema, na atupe sisi wanaume kuona haya ya kushiba mbele ya mja mzito mwenye njaa. Amin.